Okot p'Bitek na Moto wa Nyumbani: Funzo kwa Wazazi wa Nyamache

Wahenga walituachia usemi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu huelekezwa mara nyingi kwenye adabu na nidhamu, na ni nadra kuelekezwa kwenye ubunifu. Mzazi wa leo huamini kwamba adabu hufunzwa nyumbani, lakini sanaa ya lugha, yaani ngano, vitendawili, nyimbo na maigizo, ni kazi ya shule. Makala haya yanakusudia kuipinga imani hiyo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Afrika Mashariki: Okot p'Bitek.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini Mwacholi wa Uganda ateuliwe kuwa kielelezo kwa wazazi wa Nyamache, katika nchi ya Abagusii. Sababu ni mbili. Kwanza, Okot hakuwa mgeni katika sehemu zetu. Aliwahi kuishi na kufanya kazi mjini Kisumu, uliokuwa makao makuu ya mkoa wa Nyanza, ambao ndani yake mlikuwa na Kisii. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, wachache ni waandishi ambao chanzo cha sanaa yao kinaonekana waziwazi kama chake. Ukiifuata njia ya kazi zake kurudi nyuma utafika mahali pamoja tu, nao ni ua wa wazazi wake.

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu aliyepata elimu yake kwa wamisionari wa Kiprotestanti. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na mchezaji ngoma aliyejulikana katika jamii yake. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Baba huyu alikuwa msomi kwa kipimo cha wakati ule, na alikuwa mfuasi wa dini mpya. Angeweza, kama walivyofanya wengi wa kizazi chake, kuzipiga marufuku ngano na ngoma nyumbani kwake kwa kisingizio cha ustaarabu. Badala yake alisifika kwa usimulizi wa hadithi, na kwa uchezaji ngoma pia. Kwa hiyo mtoto Okot hakulazimika kuchagua kati ya kitabu na ngano. Alivikuta vyote viwili vikikaa pamoja katika nyumba moja bila ugomvi.

Waacholi walikuwa na desturi iliyoitwa wang oo, yaani moto wa jioni uliowashwa uani. Watu wa boma waliuzunguka moto huo, wazee kwa watoto, wakatoleana ngano, vitendawili na methali, wakaelezana habari za ukoo na kuwaonya vijana. Ni muhimu tutambue kwamba katika baraza hilo mtoto hakuwa hadhira tu. Alitegua kitendawili, akaitikia wimbo uliomo ndani ya ngano, na zamu yake ilipofika akasimulia. Aliposahau sehemu alikumbushwa. Alipoongeza jambo la kuchekesha, watu walicheka, na kicheko hicho kikawa ndicho tuzo lake. Kwa lugha ya wataalamu wa fasihi simulizi, mtoto alikuwa hadhira na fanani kwa wakati mmoja.

Desturi hii haikuwa ya Waacholi pekee. Katika nchi ya Abagusii ngano huitwa emegano, na nyumba iliyokuwa hazina yake ni jiko la bibi, magokoro. Wajukuu walilala kwake, wakamtania naye akawatania, kwa kuwa mila iliruhusu utani kati ya vizazi hivyo viwili pale ambapo mtoto na mzazi wake walistahiana. Vijana waliokwisha kutahiriwa walikuwa na esaiga, nyumba yao wenyewe, ambamo mazungumzo ya usiku yaliendelea. Kwa hiyo, anapotajwa Lacwaa akiimba huko Gulu, mzee wa Nyamache hana haja ya kufikiri sana ili apate picha yake.

Okot alisoma Gulu, kisha akapelekwa King's College, Budo, shule ya bweni karibu na Kampala iliyokuwa miongoni mwa shule zenye hadhi kubwa nchini Uganda. Lugha ya masomo ilikuwa Kiingereza na fasihi iliyofundishwa ilikuwa ya Waingereza. Kwa kijana aliyefika huko mikono mitupu, elimu kama ile ingeweza kumfanya mwigaji. Okot hakufika mikono mitupu. Akiwa bado mwanafunzi alitunga na kuandaa mchezo wa kuimbwa aliouita Acan. Baada ya kusomea ualimu huko Mbarara alifundisha katika shule ya Sir Samuel Baker, karibu na Gulu, ambako pia aliongoza kwaya. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, inayomhusu kijana anayekwenda Kampala kutafuta fedha za mahari. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiacholi, lugha ya moto wa jioni.

Upande wa pili wa malezi yake ulikuwa ni mchezo. Okot alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, hata akateuliwa katika timu ya taifa ya Uganda. Mwaka 1956 timu hiyo ilizuru Uingereza, na ikawashangaza watazamaji wa huko kwa kuwa na wachezaji waliocheza bila viatu. Kwa wengi wetu jambo hili husimuliwa kama kichekesho kando ya habari za uandishi wake. Mimi naliona kuwa sehemu ya habari ile ile. Mtoto anayefunga mpira kwa majani makavu ya mgomba, akachora uwanja kwa kijiti, akagawa timu na kutunga kanuni ambazo kila mtu atazikubali, anafanya kazi ileile aifanyayo mtunzi wa ngano: anaunda ulimwengu na sheria zake, kisha anaishi ndani yake. Mipira ya namna hiyo ingali inaonekana kwenye vijia vya Nyamache, katikati ya migomba na michai. Ni makosa kuidharau.

Ziara ya kandanda ndiyo iliyomfungulia Okot mlango wa masomo ya juu. Alibaki Uingereza, akasomea ualimu huko Bristol, kisha sheria huko Aberystwyth, Wales, na hatimaye anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford alikutana na walimu waliotumia maneno ya dharau walipowazungumzia watu wa Afrika na jamii zao, naye hakuyavumilia. Alibishana nao tangu mwanzo, na baadaye akaueleza mgogoro huo katika kitabu chake kuhusu namna wataalamu wa Magharibi walivyozichambua dini za Kiafrika. Ujasiri huo ulikuwa na chimbuko lake. Mtu aliyekwisha kuona, tangu utotoni, jinsi wazazi wake walivyotunga na kuimba kwa ufundi mkubwa hawezi kuambiwa na profesa yeyote kwamba watu wake hawana fasihi, akakubali. Tasnifu yake ya mwaka 1964 ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Alisafiri hadi Oxford, akarudi na shahada juu ya mambo yaliyoimbwa uani kwao.

Aliporejea Uganda alifanya kazi Gulu, katika idara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyowapelekea watu wazima masomo nje ya kampasi, na akashiriki kuanzisha tamasha la sanaa mjini humo. Mwaka 1966 Song of Lawino ulichapishwa Nairobi, na jina lake likaenea duniani. Utenzi huo aliutunga kwanza kwa Kiacholi. Mwaka 1975 Paul Sozigwa aliwapa wasomaji wa Kiswahili tafsiri yake, Wimbo wa Lawino. Wengi huusoma kama mgogoro kati ya mila na usasa, nao wanasema kweli. Hata hivyo, mna ndani yake jambo linalohusu mada yetu moja kwa moja. Ocol, mume msomi, ana nyumba iliyojaa vitabu, lakini hawezi kustahimili kelele za watoto anaposoma. Elimu yake imemfanya atake nyumba yenye kimya. Lawino, asiyejua kusoma, ndiye anayejua kwamba nyumba yenye kimya cha namna hiyo ina kasoro. Okot hakumchora Ocol kwa sababu alivichukia vitabu. Yeye mwenyewe alikuwa mwandishi na mwana wa mwalimu. Alimchora kwa sababu alimjua baba wa aina nyingine, aliyesoma na bado akasimulia.

Baada ya kuiongoza Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, Okot alipoteza kazi hiyo kwa kutoelewana na wakubwa, akahamia Kenya. Huko Kisumu alifundisha watu wazima kama alivyofanya Gulu, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa. Tunaona hapa mwenendo wake ulivyokuwa: kila alipopata ofisi, alitafuta uwanja wa watu kuimba na kucheza. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa pendekezo kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Okot alijiunga na chuo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafanya utafiti na kufundisha hadi karibu na mwisho wa muongo huo.

Ni katika miaka hiyo ya Nairobi ambapo aliueleza kwa ukamilifu msimamo wake kuhusu fasihi. Kwake, fasihi ni ubunifu wote wa binadamu unaotumia maneno, yawe yameandikwa, yamesemwa au yameimbwa. Alisikitika kwamba shuleni fasihi imegeuzwa mtihani: kijana anaisoma ili afaulu, na akishafaulu anaitupa. Kijijini, alisema, watu huimba na kusimulia kwa kuwa wanafurahia, na wanaendelea kufanya hivyo maisha yao yote. Utamaduni, kwa maoni yake, si kitu cha kuwekwa katika kabati la makumbusho. Ni jambo ambalo watu hulitenda.

Hata hivyo, hakuidharau kalamu. Mwaka 1974 alichapisha The Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, na mwaka 1978 akachapisha Hare and Hornbill, mkusanyiko wa ngano ambao jina lake linawataja Sungura na Hondohondo. Mtu aliyekwisha kutunukiwa tuzo ya fasihi ya Kenyatta mwaka 1972, aliyekwisha kufundisha Marekani na kujulikana kila mahali, alikaa chini akaandika ngano za Sungura. Hakuona kwamba kazi hiyo ilikuwa chini ya hadhi yake.

Baada ya kufundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, na baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, Okot alirudi Makerere. Mwaka 1982 alifanywa profesa wa uandishi wa kubuni, lakini hakukikalia kiti hicho kwa muda mrefu. Alifariki mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51. Binti zake wawili, Jane na Juliane, walikuja kuwa washairi, wakachapisha vitabu vyao wenyewe. Hatuwezi kudai kwamba ushairi hurithiwa kama pua au macho. Tunachoweza kusema ni kwamba katika ukoo huu neno halikukatika: kutoka kwa Lacwaa, aliyetunga kwa sauti, hadi kwa wajukuu wanaotunga kwa kalamu.

Miaka michache baada ya kifo chake, vita vilizuka katika nchi ya Waacholi. Kuanzia mwaka 1986, kwa miaka ipatayo 20, kaskazini mwa Uganda paliteseka, na watu wengi mno wakahamishiwa kambini. Kambini hapakuwa na ua, nyumba zilisongamana, na kukusanyika nje usiku kulikuwa kujihatarisha. Moto wa wang oo ulizimika katika familia nyingi. Kilikua kizazi kizima ambacho kiliusikia ukitajwa tu. Vitabu vya Okot vilikuwepo, na ngano zilizomo humo zilinusurika, lakini kitabu hakikuweza kumwita mtoto kwa jina wala kumpa zamu ya kusimulia. Vita vilipotulia, wazee na wazazi wa Acholi walianza tena kuuwasha moto ule, maana walikwisha kujua kilichopotea.

Sasa na tujitazame sisi. Nyamache hapajapata vita vya namna hiyo. Hakuna askari aliyetuzuia kukaa pamoja jioni. Kama moto wetu unafifia, basi tunauzima wenyewe, na kila mmoja ana sababu yake. Mama aliyeshinda akichuma majani chai, kisha akapanga foleni kwenye kituo cha kuyapimia, anarudi amechoka. Baba anafanya kazi Nairobi na huonekana Desemba. Bibi yupo, lakini wajukuu wanaishi katika nyumba ya kupanga mjini Kisii. Simu na televisheni zina hadithi tayari, zisizomchosha mzazi. Wengine huamini kwamba ngano ni upuuzi, au kwamba hazipatani na imani. Sababu hizi si za kubeza, hasa ile ya uchovu. Lakini maisha ya Okot yanaijibu angalau moja kikamilifu: elimu na dini havikumzuia Jebedayo Opi kusimulia.

Sababu nyinginezo hujibiwa kwa vitendo vidogo. Ngano moja haihitaji zaidi ya dakika kumi, nayo yaweza kusimuliwa wakati chinsaga zinachambuliwa au obokima unasubiriwa. Mzazi asiyekumbuka ngano nzima aanze na kipande anachokikumbuka, kisha awaachie watoto waumalizie mwisho. Watatofautiana, na katika kutofautiana ndimo ubunifu unamozaliwa. Mtoto aliyesimuliwa leo aombwe asimulie kesho kwa mdogo wake, na asikatizwe kila anapokosea. Bibi aliye mbali anaweza kupigiwa simu jioni moja kwa juma na kifaa hichohicho tunachokilaumu. Udongo, mabua na majani ya mgomba yaachwe mikononi mwa watoto bila karipio la kuchafua nguo. Isitoshe, mzazi asione haya kusimulia kwa Ekegusii. Mtoto aliyezoea kupanga matukio, kujenga wahusika na kuteka hadhira katika lugha ya mama ataingia katika insha ya Kiswahili akiwa na kitu cha kusema; ufundi huo huvuka mpaka wa lugha, kama ulivyovuka kwa Okot.

Tahadhari moja inafaa. Tangu mwaka 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa katika shule zote za Kenya kwa madarasa ya mwanzo, wazazi wametakiwa kushiriki katika masomo ya watoto wao. Ni jambo jema. Lakini ngano inayosimuliwa kwa sababu mwalimu ameagiza, na ambayo mtoto ataitolea ripoti darasani asubuhi, iko karibu sana na ule mtihani uliomsikitisha Okot. Nyumbani ni mahali pekee ambapo mtoto anaweza kusimulia vibaya bila kupoteza alama. Tumwachie nafasi hiyo.

Si kila mtoto atakayesimuliwa ngano atakuwa Okot p'Bitek, na wala hilo silo lengo. Lacwaa hakuimba ili mwanawe aje kuwa profesa. Aliimba kwa kuwa alipenda kuimba, na mtoto alikuwapo, akisikia. Mzazi wa Nyamache hatakiwi kufanya zaidi ya hapo: apende mwenyewe, na mtoto awe karibu.